Kinoo cha Raahe

Kocha mpya ana ubao na sumaku za rangi sita.
Nyekundu ni mdunguaji, kijani mgawaji,
kahawia mchimbaji, nyeusi mbabe,
njano yule ashambuliaye na kurudi kulinda,
na nyeupe ni ya yule
ambaye bado hajaamua amwite nani.
Mshambuliaji asiye na jina, anasema, hana kazi.

Mimi sina ubao. Nina jiwe linalozunguka,
taa moja, redio inayokoroma siku za theluji,
na miaka thelathini na mmoja ya kuletewa viatu
vingali na joto la miguu.
Chuma hakijui kusengenya wala kusifu.
Nikipitisha ukucha juu ya makali
najua mwenyewe alishinda wapi jana usiku.

Vya Eevert Lumijärvi huja karibu vipya.
Hakimbii. Husimama kushoto,
pale kipa anaposahau kutazama,
kimya kama paka mdomoni mwa tundu,
kisha gongo juu, kisahani wavuni,
watu elfu mbili wamesimama
na yeye hata hajatoa jasho.
Analipwa kwa usahaulifu wa wengine.

Vya Onni-Pekka vimeliwa makali ya nje:
huzunguka nyuma ya goli, huzunguka tena,
akitafuta nani ameachwa peke yake.
Mkewe aliniambia, hata mezani
huwapakulia wote, chake kikapoa.

Lakini wachimbaji!
Watatu hutoka zamu ya usiku kiwanda cha chuma,
masizi bado kwenye kucha,
na viatu vyao nikivigeuza kwenye mwanga
naona mapengo, kama kinywa cha ajuza:
hapa alikanyaga gongo, hapa mwamba wa goli,
hapa chuma cha mwenzake, konani,
ambako watu sita wanasukumana ukutani
na hakuna kamera inayojua kinachoendelea.
Humo hukitoa kisahani
kama mtu anayetafuta sindano ndani ya godoro,
na wakishakitoa
goli huandikwa jina la Eevert.
Kinolewacho hupata, ndivyo isemwavyo.
Hawa nimewanoa miaka, wamepata mapengo.
Ubaoni kocha amewaandika kwa mwandiko mdogo.

Rauno Ylitalo alikuwa sumaku nyeusi.
Misimu tisa vyake vilinijia na makali timamu
na kamba zilizokatika, zenye matone
ambayo sikuuliza ni ya nani.
Dakika nne kwa usiku, pengine tatu.
Zilizobaki benchi, au kizimba cha adhabu,
amekaa wima kama abiria aliyepitwa na kituo chake.
Vidole vyake havikufunga tena vifungo vya koti;
nilimfungia mimi, hatukuzungumza.

Novemba kocha aliibandua sumaku ile.
Siku hizi mchezo hauna kazi hiyo, alisema,
na pengine alisema kweli.
Akaitia mfukoni. Ikagongana na funguo.

Rauno aliniletea viatu jioni ileile.
Havikuhitaji kunolewa, na hakuwa na mechi.
Nikavinoa. Sikumtoza.

Sasa ni Machi, barafu ya ghuba imeanza kulia usiku.
Kaja na viatu vidogo, vya mtumba,
gundi ya waridi imezungushwa kisiginoni.
Vya Hilppa, akasema. Ana miaka sita.
Nikaviweka chini ya taa, nikapitisha ukucha:
mbele, nyuma, ndani, nje,
vimeliwa sawasawa.
Sijawahi kuona.

Anacheza nafasi gani?
Rauno akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue,
meno mawili hayapo.
Popote kisahani kilipo. Wote hukimbilia hapohapo,
kama kuku waliomwagiwa mtama.
Na huanguka pande zote.

Nikawasha jiwe.
Nikavinoa polepole,
nisije nikaegemea upande.